Kompyuta ya ratiba ya ujenzi: kinachoilemea si hesabu

Swali limetoka Namswea, wilayani Mbinga. Kijana mmoja fundi sanifu, ambaye ndio kwanza anaanza kuchukua kazi ndogondogo za ujenzi, alitutumia picha ya laptopu ya mtumba aliyoiona dukani Mbinga mjini. Chini ya picha akaandika: "Kaka, habari za masomo? Hii itaendesha Microsoft Project? Na Primavera je? Hela ya kahawa ndiyo hii hii, nikikosea ni mpaka msimu ujao."

Kikaratasi kilichobandikwa kwenye kioo cha laptopu kinasomeka hivi: Core i5 kizazi cha 5, RAM GB 4, hadi diski GB 500, Windows 10, kioo cha pikseli 1366 kwa 768.

Sasa tuangalie Microsoft wenyewe wanataka nini. Microsoft Project ya kusakinisha kwenye kompyuta inahitaji prosesa yenye viini 2 na mwendo wa gigahazi 1.6, RAM GB 4, nafasi ya GB 4 kwenye diski, na kioo cha 1280 kwa 768. Ukilinganisha mstari kwa mstari, laptopu ile imefaulu kila somo. Na bado tulimjibu: usitoe hela kwanza.

Ili uelewe kwa nini, inabidi tujue programu ya ratiba inafanya nini humo ndani. Watu wengi wanadhani hesabu ya ratiba ni nzito, ndiyo maana kompyuta dhaifu inakwama. Si kweli hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne

Ukipanda milima ya Umatengo utaona mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki kwenye mteremko. Ngoro ina utaratibu wake. Nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, hupangwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi. Huwezi kufukia nyasi ambazo hujazipanga, na huwezi kuzipanga kabla hujazifyeka. Kila kazi inaisubiri nyingine. Programu ya ratiba nayo inataka vitu viwili hivyo tu kutoka kwako: kila kazi inachukua siku ngapi, na inaisubiri kazi gani.

Tuchukue darasa moja la shule. Kuchimba msingi, siku 4. Kujenga msingi, siku 6, baada ya kuchimba. Kufyatua na kuchoma matofali, tuseme siku 14, kazi inayoanza siku ya kwanza bila kusubiri mtu. Kuagiza mbao na bati hadi zifike, siku 12, nayo inaanza siku ya kwanza. Kuta, siku 10, lakini zinasubiri msingi na matofali vyote viwili. Paa, siku 7, linasubiri kuta na bati.

Anza mwanzo uende mbele. Msingi unakamilika siku ya 10, matofali siku ya 14. Kuta zinamsubiri anayechelewa, kwa hiyo zinaanza baada ya siku ya 14 na kuisha ya 24. Bati zilishafika tangu siku ya 12. Paa linaisha siku ya 31. Sasa geuka, rudi nyuma kutoka siku ya 31 ukiuliza kila kazi: wewe ungeweza kuchelewa hadi lini bila kuharibu tarehe ya mwisho? Msingi una nafasi ya siku 4. Bati zina nafasi ya siku 12. Matofali, kuta na paa hazina nafasi hata ya siku moja. Mnyororo huo wa matofali, kuta na paa ndio unaoitwa njia muhimu. Tanuri likichelewa siku moja, darasa zima linachelewa siku moja. Fundi wa msingi akichelewa siku 3, unaweza kumgombeza ukipenda, lakini tarehe haisogei.

(Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamsimamia sana yule anayeonekana, aliye na sururu mkononi, wakati aliyeshika ratiba ni tanuri linalofuka moshi kule bondeni.)

Hesabu ulizoziona hapo juu, za kujumlisha, kutoa na kulinganisha, hazifiki 30. Mradi wenye kazi 1,000 utahitaji hesabu elfu chache. Prosesa ya gigahazi 1.6 inapiga mapigo bilioni 1.6 kwa sekunde katika kila kiini. Yaani kabla kidole chako hakijanyanyuka kwenye kitufe, ratiba imeshapigwa na kupigwa tena mara nyingi. Hata mradi kama wa barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kuteremka milima kufuata Ziwa Nyasa, na makalavati yake na kingo zake za kukata, hautaitoa jasho prosesa hiyo kwa hesabu ya namna hii.

Mashine ya tani 13

Historia inathibitisha. Njia hii ya kukokotoa ilitengenezwa Marekani mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand. Kompyuta waliyoitumia ilikuwa UNIVAC I. Ilikuwa na uzito wa tani 13 hivi, ndani yake zikiwaka taa za utupu zaidi ya 5,000, na ilikula umeme mwingi. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa mirija ya zebaki iliyoweza kushika maneno 1,000 ya herufi 12 kila moja. Jumla herufi 12,000. Makala hii unayoisoma isingeenea humo.

Na mashine hiyo ilipanga ratiba za viwanda.

Laptopu ya Mbinga mjini, ile ya GB 4, ina kumbukumbu zaidi ya mara 300,000 ya UNIVAC. Kwa hiyo ukiona programu ya ratiba imeganda, imekuandikia kwamba haijibu, na wewe unaangalia kile kiduara kikizunguka, jua kwamba hesabu ilishaisha zamani. Kuna kitu kingine kinachosubiriwa.

Nani anazila GB 4?

Wa kwanza kula ni Windows yenyewe. Ikishawaka tu, kabla hujagusa chochote, mara nyingi imeshachukua kama GB 2. Kingavirusi kinachukua chake. Halafu tuwe wakweli kuhusu namna tunavyofanya kazi: ratiba haifunguliwi peke yake. Pembeni kuna michoro ya PDF, kuna jedwali la bei kwenye Excel, kuna kivinjari chenye vichupo 9, na WhatsApp ya kwenye kompyuta kwa sababu mhandisi anatuma mabadiliko huko. Microsoft Project inapofika mezani, inakuta sahani tupu.

RAM ikijaa, Windows haikatai kazi. Inachofanya ni kuhamisha baadhi ya vitu kutoka kwenye RAM kwenda kuviweka kwa muda kwenye diski, na kuvirudisha vinapohitajika. Ni kama fundi mwenye meza ndogo: spana zisizotumika anazipeleka stoo. Ujanja mzuri, ila inategemea stoo iko umbali gani.

RAM inajibu kwa muda wa kama nanosekunde 100. Hadi diski ya kawaida ni sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika kwenye laptopu. Kichwa cha kusomea lazima kwanza kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kisubiri sahani izunguke mpaka data ipite chini yake. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani unasubiri nusu yake, ukijumlisha na kusogea kwa kichwa unafika milisekunde 15 hivi. Ziweke namba hizi kwenye maisha ya kawaida. Kama kuchukua spana mezani ni sekunde 1, basi kuifuata kwenye hadi diski ni sekunde 150,000. Hizo ni karibu siku 2, sawa na kupanda basi Mbinga kwenda Dar es Salaam kuifuata na kugeuza nayo. Diski ya SSD haina kinachozunguka, data imo kwenye chipu. Inajibu kwa takriban maikrosekunde 100. Kwa kipimo chetu hicho, ni dakika 17: umetoka hadi kwa jirani, umeazima, umerudi.

Hiki ndicho kilichotufanya tumwambie kijana asubiri. GB 4 zikiwa pamoja na SSD, utahangaika lakini utafanya kazi. GB 4 zikiwa pamoja na hadi diski ni safari za Dar es Salaam kutwa nzima. Na ukurasa wa mahitaji haukuambii hili. Unataka GB 4 za nafasi kwenye diski, haukuulizi diski ya aina gani. Neno "mahitaji ya chini" maana yake programu itafunguka. Kama utamaliza kazi kabla ya jua kuzama, hilo halimo kwenye ahadi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ulikuwa wa kiufundi kabisa: muulize muuzaji kama laptopu hiyo ina sehemu ya pili ya kuchomekea RAM, na kama diski inabadilishika. Laptopu nyingi za kizazi hicho vinabadilishika vyote viwili kwa bisibisi tu. Nyembamba sana baadhi yake RAM imechomewa moja kwa moja kwenye ubao, hiyo huigusi. RAM ikifika GB 8 na diski ikawa SSD ya GB 240, mashine ile ile ya mtumba inakuwa kitu kingine.

Pale hesabu inapokuwa nzito kweli

Tusije tukasema prosesa haina kazi. Iko sehemu moja ambapo ratiba inageuka kuwa balaa la hisabati, nayo ni kugawana vifaa.

Tuseme una mashine moja ya kuchanganyia zege, na kazi 20 zinaitaka. Haziwezi kuitumia kwa wakati mmoja. Nani atangulie? Ukijaribu kila mpangilio unaowezekana, kazi 10 zina mipangilio 3,628,800. Kazi 20 zina zaidi ya 2,432,000,000,000,000,000. Kompyuta inayokagua mipangilio bilioni 1 kila sekunde, bila kulala, ingemaliza baada ya miaka 77 hivi. Wanahisabati mpaka leo hawana njia ya mkato inayotoa jibu bora kwa uhakika katika kila mradi wa namna hii, na wengi wanaamini haipo.

Programu inafanya nini basi? Inafanya anavyofanya msimamizi mzoefu: inatumia kanuni za kukadiria. Mpe kwanza mwenye nafasi ndogo ya kuchelewa. Wakilingana, mpe mwenye namba ya kipaumbele uliyomwekea. Jibu linakuja haraka, ni zuri, ila si lazima liwe bora kuliko yote. Ndiyo maana ratiba iliyosawazishwa vifaa na programu mbili tofauti inaweza kutoa tarehe mbili tofauti, na hakuna iliyokosea. Ukiona hivyo usinunue prosesa kubwa zaidi ukidhani itakupa ukweli. Kaa chini uiangalie ile mashine ya zege.

Primavera ni habari nyingine

Primavera P6, ambayo ni mali ya Oracle tangu 2008, haihifadhi ratiba kama faili moja la kawaida. Inaweka kila kitu kwenye hifadhidata. Kwa anayefanya kazi peke yake kwenye laptopu, inaweza kutumia SQLite, ambayo ni nyepesi sana. Lakini wapo wanaofuata maelekezo ya video za zamani na kusakinisha Oracle Database XE, toleo la bure la hifadhidata kubwa ya Oracle. Matoleo yake ya karibuni yanaruhusiwa kutumia hadi GB 2 za RAM. Rudi kwenye hesabu yetu ya GB 4, toa GB 2 za Windows, toa mbili hizo. Umebaki na nini? Ukienda na P6 kwenye mashine ndogo, chagua SQLite wakati wa kusakinisha. Uzuri wake mwingine, kwa huku kwetu umeme unakokatika bila hodi, ni kwamba SQLite inaandika mabadiliko kwenye daftari la pembeni kabla ya kuyakamilisha. Mashine ikizima katikati ya kuandika, ikiwaka inarudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa sahihi. Microsoft Project yenyewe inakumbuka pale ulipohifadhi, basi.

Ila swali la kwanza lilipaswa kuwa: unaihitaji P6? Kwa madarasa mawili na zahanati, hapana. Iache mpaka mkandarasi mkubwa akuajiri na akupe kompyuta yake.

Mtego wa Windows

Hili muuzaji hakulisema. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Laptopu ya kijana ni kizazi cha 5. Itaendelea kuwaka, haitakufa, lakini viraka vya usalama vya kawaida vimekoma, na programu mpya zitaanza kuikataa moja baada ya nyingine. Hapa ndipo bei ya chini inapojieleza yenyewe.

Njia ya kutokea ipo, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa anayeanza. Weka Linux, kisha ProjectLibre au GanttProject. Zote ni za bure kihalali, si za kuvunjwa kufuli. Zimeandikwa kwa Java na zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, wakati Microsoft Project ya kusakinisha na P6 zinataka Windows. ProjectLibre inafungua mafaili ya Microsoft Project, ingawa sura ya chati inaweza kuhama kidogo, kwa hiyo kagua tarehe kabla ya kumjibu mhandisi. Njia muhimu itapigwa ile ile, maana hesabu ni ile ya 1957.

Vidogo vinavyouma

Kioo: 768 kwenda chini ndiyo chini kabisa inayokubalika. Vile vijilaptopu vya zamani vya 1024 kwa 600 viache, vitufe vya kukubali vinaishia chini ya ukingo usivione. Hata kwa 1366, chati ya miezi 6 utaisogeza kushoto na kulia mpaka uchoke. Televisheni yenye tundu la HDMI inatosha kuwa kioo cha pili.

Betri ya saa: ndani ya kompyuta kuna kibetri bapa, mara nyingi CR2032 ya volti 3, kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Kwenye mtumba mara nyingi kimeshakufa. Ukiwasha baada ya umeme kukatika, tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma. Kwa mtu wa kuandika barua ni kero. Kwa mtu wa ratiba ni hatari, kwa sababu Microsoft Project mradi mpya huuanzisha kwa tarehe ya leo inayosomwa kwenye kompyuta. Unaweza kupanga paa likaangukia kiangazi cha mwaka ambao ulishapita, usigundue kwa sababu siku na miezi vinaonekana sawa.

Na umeme. Kompyuta ya mezani ya mtumba ni rahisi kuliko laptopu, lakini umeme ukikatika inazima papo hapo, na kwa sola inakula sana. Laptopu inayovuta wati 25 kwa saa 4 inatumia wati-saa 100. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya asidi huwa hatuvuki nusu yake ili isife mapema. Kwa hiyo inaibeba laptopu vizuri, na taa zinabaki.

Tulimtumia yote haya kwa sauti, dakika 6, akalalamika kuhusu bando. Kesho yake akarudisha picha ya laptopu ikiwa imegeuzwa mgongo, kifuniko kimefunguliwa. Sehemu ya pili ya RAM ipo, wazi. Muuzaji amekubali kupunguza bei kwa sababu ya kizazi cha 5, na punguzo hilo analiweka kwenye SSD. Halafu akauliza swali ambalo halihusu kompyuta: mvua za Novemba zikiwahi, siku 14 za tanuri azihesabu vipi? Tukamwambia afungue kalenda ya mradi ndani ya programu, azime siku ambazo matofali mabichi hayawezi kukauka, aone njia muhimu inahamia wapi.